Namna ya Kupanga Zamu za IIS ili Tovuti Isisinzie Saa za Kazi

Msimamizi wa mifumo anayehudumia ofisi jijini Dodoma hulizoea lalamiko moja lisilo na kichwa wala miguu. Tovuti ya ofisi hufunguka vizuri juma zima, kisha Jumatano saa nne asubuhi hukwama kwa nusu dakika, mtendaji wa kata aliyekuwa akijaza fomu kutoka Kongwa hurudishwa kwenye ukurasa wa kuingiza nenosiri, na kabla hujainuka kitini kwenda kutazama seva, kila kitu kimekwisha kurudi katika hali yake. Kesho yake hali hiyo huibuka saa tisa alasiri, keshokutwa haionekani kabisa, na Jumanne inayofuata hujitokeza saa tano asubuhi. Lawama hupelekwa kwa mtandao, kwa kanzidata au kwa fundi aliyekuwa wa mwisho kuingia chumba cha seva, ilhali mara nyingi chanzo ni namba moja, 1740, ambayo ilikuja na seva tangu siku ilipowekwa na ambayo hakuna aliyewahi kuigusa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuibadili namba hiyo, pamoja na mipangilio mingine inayoandamana nayo, kwenye seva ya wavuti ya Microsoft iitwayo IIS. Nimeuandika kwa kuzingatia IIS 8, iliyokuja na Windows Server 2012, na matoleo yaliyofuata hadi IIS 10. Majina ya vitufe na vipengele nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa sababu ukiyatafuta kwa Kiswahili hutayaona.

Namba 1740 imetoka wapi

Kila tovuti kwenye IIS imewekwa ndani ya kundi la programu, ambalo kwenye skrini huonekana chini ya Application Pools. Kundi hilo huendeshwa na mchakato mtendaji, na ukifungua Task Manager utauona kwa jina la w3wp.exe. Mchakato huu ndio unaopokea maombi ya watumiaji, kuzungumza na kanzidata na kurudisha kurasa. Programu nyingi, hasa zile zilizoandikwa kwa haraka ili ziwahi uzinduzi, huchukua kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo bila kuirudisha, mfano wa jirani anayekopa sukari kila asubuhi na kusahau deni. Kwa sababu hiyo, tangu IIS 6 iliyotoka na Windows Server 2003, mchakato mtendaji huondolewa kila baada ya muda fulani na mwingine mpya kuchukua zamu, ili madeni hayo yafutwe kabla hayajaiangusha seva nzima.

Muda uliowekwa awali ni dakika 1740, yaani saa 29. Namba hiyo haikuokotwa tu: 29 ni namba tasa ya kwanza baada ya 24, na ilichaguliwa makusudi ili zamu isiangukie saa ileile kila siku na kugongana daima na kazi nyingine ya kila siku. Kwa mtengenezaji asiyejua ofisi yako hufunguliwa saa ngapi, huo ni uamuzi wa busara. Kwa wewe unayejua, si uamuzi mzuri hata kidogo.

Chukua karatasi ufanye hesabu. Ikiwa seva imewashwa Jumapili saa sita usiku kuamkia Jumatatu, zamu ya kwanza itabadilika Jumanne saa kumi na moja alfajiri, ambapo hakuna atakayeona lolote. Inayofuata ni Jumatano saa nne asubuhi, kisha Alhamisi saa tisa alasiri, kisha Ijumaa saa mbili usiku. Baada ya hapo huja Jumapili saa saba usiku, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na Jumanne saa tano asubuhi. Ofisi za serikali hufanya kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kwa hiyo katika mabadiliko saba hayo matatu yameangukia katikati ya kazi, na kila moja kwa saa tofauti. Ndiyo maana lalamiko halina mpangilio unaoonekana: kila juma linatofautiana na lililopita.

Mabadiliko yenyewe si dhambi. Gharama yake ndiyo tatizo, kwa maana mchakato mpya huingia ukiwa baridi. Lazima upakie programu, utafsiri kurasa, ufungue miunganisho ya kanzidata na ujaze upya hifadhi yake ya muda, na mtumiaji wa kwanza kubisha hodi ndiye anayelipia yote hayo kwa kusubiri. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba gharama hiyo inalipwa usiku, na isilipwe na mtu.

Tazama kwanza kabla ya kugusa

Usibadili chochote mpaka umethibitisha kwamba tatizo lako ni hili. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs kisha System, na uchuje matukio ambayo chanzo chake ni WAS, huduma ya Windows inayowasha na kuzima michakato hiyo. Anayependa PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, anaweza kupata orodha hiyohiyo kwa amri hii:

Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; ProviderName='Microsoft-Windows-WAS'}

Katika daftari hilo la matukio, namba ndizo zinazosema. Tukio 5074 lina maana kwamba mchakato umefikisha muda wake, yaani zile dakika 1740. Tukio 5076 ni zamu iliyobadilika kwa saa maalumu iliyopangwa. Matukio 5077 na 5117 yanahusu kumbukumbu: la kwanza ni kikomo cha kumbukumbu pepe, la pili ni kikomo cha kumbukumbu binafsi ya mchakato. Tukio 5079 linaonyesha kwamba msimamizi mwenyewe ndiye aliyeagiza, na 5080 linatokana na mabadiliko ya mipangilio. Tukio 5186 huandikwa pale mchakato unapozimwa kwa sababu hakuna aliyeuhitaji kwa muda. Ikiwa daftari liko tupu ingawa watumiaji wanalalamika, fungua Advanced Settings za kundi husika, shuka hadi Generate Recycle Event Log Entry, uhakikishe kwamba kila sababu iliyoorodheshwa hapo imewekwa True, kisha usubiri siku tatu au nne. Subira hiyo ina faida, kwa sababu nimeona watu wakihangaika na ratiba ya zamu wakati tatizo lao lilikuwa 5117 tangu mwanzo, na hilo dawa yake ni nyingine, kama nitakavyoeleza mbele.

Linganisha saa za matukio hayo na saa za malalamiko. Zikikubaliana, umekamata mwizi. Zisipokubaliana, achana na mwongozo huu kwa sasa ukachunguze kanzidata au kiungo cha intaneti.

Kuitafuta saa tulivu, na mtego wa saa zetu

Kumbukumbu za maombi ya IIS hukaa kwenye folda ya C:\inetpub\logs\LogFiles. Kila mstari unaonyesha saa ya ombi na, mwishoni, muda uliotumika kulijibu kwa milisekunde. Hesabu maombi kwa kila saa kwa majuma mawili hivi, uone ni wakati gani tovuti inakaribia kuwa kimya. Usidhani kwamba ni usiku wa manane kwa sababu tu wewe umelala. Tovuti ya chuo huwa na wanafunzi saa sita usiku, na mfumo wa kupokea maombi yenye tarehe ya mwisho huwa hai hadi dakika ya mwisho ya siku hiyo. Kwa ofisi nyingi za hapa, saa kati ya saa nane na saa kumi usiku ndiyo yenye maombi machache zaidi, na hata hayo machache mengi huwa ni roboti za injini za utafutaji.

Sasa angalia mtego wa kwanza. Kumbukumbu hizo, zikiwa katika muundo wa W3C ambao ndio wa kawaida, huandikwa kwa saa ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia iliyo nyuma ya kwetu kwa saa tatu, hata kama saa ya seva ni ya Afrika Mashariki. Mstari unaosomeka 07:00:00 ni wa saa 10:00 kwetu, yaani saa nne asubuhi. Ongeza saa tatu kwa kila unachosoma. Asiyejua hili hupanga zamu kwa kutumia takwimu zilizohama kwa saa tatu, kisha hushangaa kwa nini saa aliyoiona tulivu ina watu.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe, na mimi nimewahi kunaswa. Katika ofisi moja niliachiwa karatasi yenye maelekezo kwamba zamu ibadilike saa 8 usiku, nami kwa uchovu nikaandika 08:00:00. Kwa majuma mawili tovuti ile ilijianzisha upya kila siku saa mbili kamili asubuhi, nusu saa baada ya watumishi kuingia, na kila siku nilikuwa wa kwanza kuulizia kama kuna shida ya mtandao. Seva haihesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi. Saa nane usiku ni 02:00:00, saa tisa usiku ni 03:00:00, na saa kumi na moja alfajiri ni 05:00:00. Tangu siku hiyo, kila maelekezo ninayoandika kwa ajili ya wenzangu huwa na saa kwa namna zote mbili.

Mtego wa tatu upo kwenye seva za kukodi. IIS hubadili zamu kwa kufuata saa ya seva yenyewe, na seva nyingi za kwenye wingu hukabidhiwa zikiwa kwenye UTC. Andika tzutil /g kwenye dirisha la amri. Jibu likiwa E. Africa Standard Time, uko salama. Likiwa UTC, basi 05:00:00 uliyoikusudia kuwa alfajiri itakuwa saa mbili asubuhi Dodoma. Ama ubadili ukanda wa saa wa seva, kama hakuna mfumo mwingine unaoutegemea, ama upunguze saa tatu kwenye ratiba: zamu ya 02:30 ya kwetu itaandikwa 23:30:00. Kwa kuwa Tanzania haisogezi saa mbele wala nyuma kwa misimu, hesabu hiyo haitabadilika mwaka mzima. Seva iliyowekwa kwenye saa ya London ni habari nyingine, kwani huko saa husogezwa mara mbili kwa mwaka, na zamu yako itasogea nayo.

Kuweka ratiba

Fungua IIS Manager, bofya Application Pools, chagua kundi la tovuti yako, kisha bofya Recycling upande wa kulia. Ondoa alama kwenye Regular time intervals. Weka alama kwenye Specific times, kisha uandike saa uliyoichagua. Katika mfano huu nitatumia kundi liitwalo Huduma na saa 02:30, yaani saa nane na nusu usiku. Wanaopendelea amri wataandika hivi, kila mstari kwa wakati wake:

%windir%\system32\inetsrv\appcmd set apppool "Huduma" /recycling.periodicRestart.time:00:00:00

%windir%\system32\inetsrv\appcmd set apppool "Huduma" /+recycling.periodicRestart.schedule.[value='02:30:00']

Mstari wa kwanza ni wa lazima. Ukiongeza saa maalumu bila kuondoa muda wa kawaida, zote mbili zitafanya kazi kwa wakati mmoja. Hesabu ya saa 29 huanza upya kila mchakato mpya unapozaliwa, kwa hiyo zamu ya kila usiku ingeiwahi, lakini siku utakapoiondoa zamu hiyo kwa sababu yoyote, mzimu wa 1740 utarudi bila kubisha hodi.

Chagua saa isiyogongana na kazi ya kunakili kanzidata. Nakala rudufu ikianza saa nane usiku na kuchukua dakika ishirini, mchakato mpya usizaliwe katikati ya dakika hizo, maana utahitaji kanzidata ileile iliyoelemewa. Na kama seva moja inabeba makundi kadhaa, yaachanishe kwa dakika kumi kumi: 02:30, 02:40, 02:50. Makundi sita yakiamka kwa mpigo, kila moja litamcheleweshea mwenzake.

Je, zamu ya kila usiku ni ya lazima? Kwa programu iliyoandikwa vizuri, si lazima. Unaweza kuizima kabisa ukafuatilia matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta kwa mwezi mzima. Lakini kwa mifumo mingi tunayorithi, ambayo aliyeiandika alishaondoka na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo, mimi huiacha zamu moja kwa siku, usiku, bila kuona haya.

Dakika ishirini za kusinzia

Ratiba ikishakaa sawa, wengi hudhani wamemaliza, kumbe kuna mpangilio mwingine unaowasumbua watumiaji kila asubuhi. Unaitwa Idle Time-out, na thamani yake ya awali ni dakika 20. Ikipita muda huo bila ombi hata moja, IIS huuzima mchakato. Ni sawa na mama lishe anayezima mkaa kila mteja anapokosekana kidogo: anaokoa mkaa, lakini atakayefuata atasubiri jiko liwashwe, maji yachemke, ndipo apate chai. Kwa tovuti ya ofisi, atakayefuata huyo ni mtumishi wa kwanza kuingia asubuhi, na baada ya mchana mtulivu ni yule anayerudi kutoka chakula.

Dawa yake iko chini ya Advanced Settings, sehemu ya Process Model, ambapo Idle Time-out huandikwa 0. Kwa amri ni hivi:

%windir%\system32\inetsrv\appcmd set apppool "Huduma" /processModel.idleTimeout:00:00:00

Ukiwa na seva yenye kumbukumbu ndogo inayobeba tovuti nyingi zisizotembelewa sana, kuziweka zote macho usiku na mchana kutaimaliza seva. Hapo kuna njia ya kati iliyoletwa na IIS 8.5 kwenye Windows Server 2012 R2: badili Idle Time-out Action kutoka Terminate iwe Suspend. Mchakato hautazimwa, bali utalazwa na kumbukumbu yake kuhamishiwa kwenye diski, nao huamka kwa haraka zaidi kuliko ule unaozaliwa upya.

Tafadhali usichanganye dakika 20 hizi na dakika 20 za sesheni, yaani muda ambao seva humkumbuka mtumiaji aliyeingia. ASP.NET, mfumo wa Microsoft wa kutengenezea programu za wavuti, nayo ina kikomo chake cha sesheni ya mtumiaji, nacho pia huanzia dakika 20, na kufanana huko kumewapotosha wengi. Kikomo cha kwanza kinahusu kundi zima la programu linapokosa ombi kutoka kwa yeyote. Cha pili kinamhusu mtumiaji mmoja aliyekaa kimya. Kubadili kimoja hakugusi kingine.

Kumuamsha mchakato kabla ya mgeni

Hadi hapa zamu inabadilika usiku na mchakato hausinzii mchana. Bado umeme unaweza kukatika, seva ikawashwa tena saa tatu asubuhi, na mgeni wa kwanza akakuta jiko baridi. Kwa hali hiyo IIS 8 ina utaratibu wa kujiandaa mapema, lakini huwekwa pale tu unapoomba. Kwenye PowerShell ya msimamizi andika Install-WindowsFeature Web-AppInit. Kisha badili Start Mode ya kundi kutoka OnDemand iwe AlwaysRunning, na kwenye Advanced Settings za tovuti yenyewe weka Preload Enabled iwe True. Amri zake, ikiwa tovuti nayo inaitwa Huduma, ni hizi:

%windir%\system32\inetsrv\appcmd set apppool "Huduma" /startMode:AlwaysRunning

%windir%\system32\inetsrv\appcmd set app "Huduma/" /preloadEnabled:true

Mpangilio wa kwanza peke yake huwasha mchakato, lakini hauigusi programu iliyo ndani yake. Ni kama kufungua duka bila muuzaji. Ni ule wa pili unaotuma ombi la kuiamsha programu yenyewe. Ili ombi hilo lifike kwenye ukurasa unaofanya kazi ya maana, ongeza ndani ya system.webServer, kwenye faili la web.config, mistari hii:

<applicationInitialization doAppInitAfterRestart="true">
<add initializationPage="/amsha" />
</applicationInitialization>

Ukurasa wa /amsha ni wa kutengeneza mwenyewe. Waombe waandaaji programu waufanye usome rekodi moja kutoka kanzidata na kujaza hifadhi ya muda inayotumika sana, kisha urudishe neno moja tu. Kuna jambo lililonipotezea siku nzima kabla sijalielewa: ombi hili la kuamsha hupita kwa http ya kawaida. Ikiwa tovuti yako inamwelekeza kila mtu kwenye https, kama inavyopaswa, ombi litajibiwa kwa amri ya kwenda kwingine na halitaigusa programu, nawe utaona kwamba kila kitu kimewekwa sawa ilhali mgeni wa kwanza bado anasubiri. Iondoe /amsha katika kanuni ya kuelekeza, na hakikisha ukurasa huo hauonyeshi taarifa yoyote ya siri.

Zamu mbili kwa pamoja

Kwenye mipangilio ya Recycling ndani ya Advanced Settings kuna kipengele kinachoitwa Disable Overlapped Recycle. Jina lake limepinda, kwa kuwa False ndiyo hali nzuri: ina maana kwamba mchakato wa zamani unaendelea kuwahudumia watu hadi mpya uwe tayari, kama mlinzi asiyeondoka getini kabla mwenzake hajafika. Iache hivyo, isipokuwa programu yako inafunga faili ambalo michakato miwili haiwezi kulishika kwa pamoja, mathalani programu za zamani zinazohifadhi data kwenye faili moja la diski. Kumbuka tu kwamba kwa dakika hizo chache kumbukumbu itakayotumika inaweza kukaribia mara mbili.

Mlinzi wa zamani naye hapewi muda usio na mwisho. Shutdown Time Limit huanzia sekunde 90, na ombi lolote ambalo halijakamilika ndani ya muda huo hukatwa. Ikiwa mfumo wako hutengeneza ripoti za wilaya zote kwa usiku mmoja na ripoti moja huchukua dakika mbili, ongeza kikomo hicho hadi sekunde 180, au usogeze zamu baada ya ripoti.

Kumbukumbu ya kompyuta

Kama daftari lako lilionyesha 5117, kuna mtu aliyeweka Private Memory Limit. Kipimo chake ni kilobaiti, na hapo ndipo makosa huzaliwa: anayetaka gigabaiti mbili akaandika 2048 ameiwekea programu megabaiti mbili, na mchakato utaondolewa tena na tena. Gigabaiti mbili ni 2097152. Tazama kwa juma zima mchakato hufika wapi wakati wa kilele, kisha weka kikomo juu ya hapo kwa nusu ya kiasi hicho, ukiacha nafasi kwa mfumo endeshi na kanzidata kama inaishi kwenye seva ileile. Virtual Memory Limit iache 0, kwani michakato ya biti 64 hujitengea anwani nyingi kuliko inazotumia na kikomo hicho hakikwambii lolote la maana. Request Limit nayo iache 0.

Kikomo cha kumbukumbu kinazuia seva isianguke, lakini hakitibu programu inayovuja. Ikigonga kikomo kila siku saa tano asubuhi, pelekeni ushahidi huo kwa waandaaji programu.

Sesheni za watumiaji

Hata zamu ya usiku ikiwa kamilifu, itatokea siku utakayolazimika kuanzisha upya mchana. Ikiwa sesheni za ASP.NET zinahifadhiwa ndani ya mchakato, yaani InProc, zote zitapotea nao. Mtu aliye mjini mwenye intaneti ya kasi ataingia tena na kusonya. Mtendaji aliye kijijini Chemba au Mpwapwa, aliyetumia dakika ishirini kujaza fomu kwa simu huku mtandao ukija na kuondoka, atapoteza kazi yake yote, na pengine hatarudia siku hiyo. Hamishia sesheni nje ya mchakato: kwa seva moja, huduma ya ASP.NET State Service inayosikiliza kwenye bandari 42424 inatosha. Kwa seva mbili au zaidi, tumia kanzidata ya SQL Server. Kabla ya kuhama, waulize waandaaji kama vitu wanavyoweka kwenye sesheni vinaweza kuandikwa kama data ya kupitishwa nje, kwa sababu vingine haviwezi na ukurasa utarudisha kosa.

Wenye tovuti za PHP juu ya IIS wana zamu ya ziada ya kuangalia. Mpangilio wa FastCGI, njia ambayo IIS hutumia kuendesha PHP, uitwao instanceMaxRequests huanzia maombi 200, ambayo ni machache kwa tovuti yenye wageni wengi. Watu wengi huupandisha hadi 10000. Ukiupandisha, weka pia PHP_FCGI_MAX_REQUESTS iwe sawa nao au zaidi, la sivyo PHP itajizima kabla IIS haijategemea, na mtumiaji ataona kosa la 500.

Kujaribu na kuthibitisha

Jaribu jioni, saa kumi na mbili, wakati wenzako wameshaondoka lakini wewe bado una nguvu. Andika appcmd list wp ukiwa kwenye folda ya inetsrv, uone namba ya mchakato wa sasa. Ingia kwenye tovuti kama mtumiaji wa kawaida, anza kujaza fomu, kisha uagize appcmd recycle apppool "Huduma". Andika tena appcmd list wp: kwa sekunde chache utaona namba mbili, kisha ile ya zamani itatoweka. Bofya kitufe cha kutuma fomu. Ikipokelewa bila kukurudisha kwenye nenosiri na bila kusubiri kuliko kawaida, sesheni na kuamshwa mapema vyote vinafanya kazi.

Kwa siku tano zinazofuata, fungua daftari la matukio kila asubuhi kabla ya chai. Unachotaka kuona ni tukio moja tu la 5076, saa 02:30, yaani saa nane na nusu usiku, na pasiwe na 5074 wala 5186. Ukikuta tukio la 5080 katikati ya mchana, kuna mtu aliyebadili mipangilio ya seva saa za kazi. Faili la web.config na folda ya bin navyo vikiguswa mchana, ASP.NET huianzisha programu upya hata kama ratiba yako haina kosa, kwa hiyo kubalianeni kwamba mabadiliko ya aina hiyo yafanyike baada ya saa kumi jioni. Juma la pili, pitia tena kumbukumbu za maombi, ukiongeza zile saa tatu, na ulinganishe muda wa kujibu wa saa nne asubuhi ya Jumatano na ule uliokuwapo kabla hujabadili chochote.